Mwongozo Kamili: Kazi za Nyumbani Zisimeze Mazoezi ya Mkimbiaji wa Tanga

Kila mwaka, mvua za vuli zinapoanza, watu wengi hapa Tanga huanza kujiandaa kwa Kilimanjaro Marathon, ambayo hufanyika Moshi mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Kila mwaka pia hutokea jambo lile lile: sura nilizozizoea alfajiri upande wa Raskazone hupungua wiki hadi wiki, na ikifika Desemba tunakuwa tumebaki wachache. Nikikutana nao mjini hawalalamikii miguu wala pumzi. Wanalalamikia muda.

Kosa lao huwa moja. Mtu akiona alfajiri haimtoshi, anaisogeza saa ya kuamka: kutoka saa 11 hadi saa 10 na nusu, kisha saa 10 kamili. Baada ya wiki mbili usingizi unaanza kumdai, na mwili unaodaiwa usingizi haupokei mazoezi hata ukilazimishwa. Mtu mzima anahitaji saa 7 au zaidi za kulala, na anayekimbia anazihitaji zaidi kuliko asiyekimbia.

Muda unaopotea hauko barabarani. Uko kati ya kitanda na mlango wakati wa kutoka, na kati ya mlango na kikombe cha chai wakati wa kurudi. Muda huo hauwezi kupatikana alfajiri yenyewe; hupatikana jioni iliyotangulia na katika asubuhi moja ya mwisho wa wiki. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuupata, hatua kwa hatua, kwa mtu anayeripoti kazini saa 1 na nusu asubuhi, mwenye familia, na anayekimbia, kuendesha baiskeli au kuogelea siku 4 hadi 6 kwa wiki.

## Vifaa vinavyohitajika

Vingi vya hivi tayari unavyo. Usinunue kitu chochote kabla ya kumaliza Hatua ya 1, kwa sababu huenda tatizo lako si lile unalolidhania.

- Kikapu kimoja cha ukili chenye mdomo mpana, cha kukaa karibu na mlango.
- Makopo ya plastiki 12 hadi 15 yenye vifuniko vinavyobana, ya nusu lita na ya lita moja.
- Mabeseni 2, moja liwe pana kiasi cha sufuria kubwa kuingia ndani yake.
- Chupa ya chai inayotunza joto hadi asubuhi.
- Friji yenye sehemu ya kugandisha (frizi).
- Siki nyeupe, sabuni ya unga, mswaki wa zamani na magazeti ya zamani.
- Mafuta ya mnyororo na matambara 2, kwa mwenye baiskeli.
- Nguo za mazoezi seti 3 na viatu jozi 2.
- Tochi ndogo, kalamu ya wino mzito na karatasi ya gundi ya kuandikia majina na tarehe.

Presha kuka inasaidia sana kwa maharage na nyama, lakini si lazima. Jozi ya pili ya viatu ndiyo gharama kubwa kuliko zote, na sababu yake nitaieleza katika Hatua ya 5.

## Hatua ya 1: Andika alfajiri yako kwa siku 4

Weka karatasi na kalamu kando ya kitanda. Kila siku ya mazoezi andika nyakati 4 tu: ulipoamka, ulipovuka mlango, uliporudi, na ulipotoka kwenda kazini. Mbele ya kila wakati andika neno moja la kilichokuchelewesha: soksi, maji, pasi, ufunguo, mtoto, gesi.

Sababu ya kuandika ni kwamba tunakumbuka kinachotuudhi, si kinachotuchelewesha. Mimi niliamini kabisa kuwa kinachonimaliza ni kuandaa chai. Karatasi ilionyesha kuwa chai ilichukua dakika 9, ilhali kupiga pasi shati na kuutafuta mkanda kulichukua dakika 22, na hilo lilijirudia siku 3 kati ya 4. Laiti ningenunua jiko jipya kama nilivyokuwa nimepanga, ningetumia fedha nyingi kuokoa dakika 2.

Angalizo: Usirekebishe chochote katika siku hizo. Ukianza kujitahidi kwa sababu unajipima, karatasi itakuonyesha mtu mwingine.

Utajua umefanikiwa ukiwa na maneno 2 au 3 yanayojirudia. Ukipata maneno 10 tofauti, endelea kwa siku 4 nyingine.

## Hatua ya 2: Kaa kikao na watu wa nyumbani

Hatua hii wengi huiruka, na ndiyo inayovunja ratiba nyingi kuliko jua la Januari. Kuna kuokoa muda, na kuna kuuhamishia mzigo kwa mke, mume, mama mkwe au binti anayesaidia kazi. Ukirudi saa 12 na nusu ukakuta uji umeshapikwa, watoto wameshaogeshwa na shati limenyooshwa, hujaokoa kitu. Umetumia alfajiri ya mwenzako, na siku moja atakudai kwa haki.

Kaeni jioni moja, mtaje kazi zote za kati ya saa 11 alfajiri na saa 1 asubuhi, na kila kazi ipewe mtu na siku yake. Siku unazokimbia wewe, mwenzako anabeba zamu ya watoto. Siku ambazo hukimbii, zamu hiyo ni yako yote, na yeye alale au aende zake anakotaka. Andikeni kwenye karatasi na kuibandika mlangoni mwa friji.

Utajua umefanikiwa mwenzako akiweza kuzitaja siku zako bila kuitazama karatasi, na wewe ukaweza kuzitaja zake.

## Hatua ya 3: Jaza kikapu cha mlangoni usiku

Baada ya chakula cha usiku, kabla hujaketi kutazama taarifa ya habari, chukua kikapu na upange vitu kwa mpangilio unaovivaa: soksi na bukta juu, fulana chini yake, kisha mafuta ya mgando ya kupaka mapajani na kwapani, tochi, na chupa ya maji tupu. Viatu vikae kando ya kikapu. Ufunguo wa geti utie ndani ya kiatu cha kulia. Huwezi kuvaa kiatu ukausahau ufunguo, na hilo peke yake limenipunguzia zile safari za kurudi ndani kwa kunyata gizani.

Nguo za kazini zitundike zikiwa zimeshapigwa pasi, pamoja na mkanda, soksi na kitambulisho. Pasi usiipige kila usiku. Piga nguo za siku 3 kwa mkupuo mmoja, kwa kuwa pasi hutumia muda na umeme mwingi kupata joto mara ya kwanza, na kuirudia kila siku ni kulipia joto lile lile mara 3.

Mwisho, jaza chupa ya chai. Jiko likiwa bado linawaka baada ya kupika, chemsha maji na kuyatia humo. Alfajiri maji hayo huchemka tena kwa muda mfupi sana, na uji au chai huwa tayari kabla hujamaliza kujifuta jasho.

Maangalizo mawili. Kikapu kisikae chumbani, kwa sababu lengo ni wewe kuondoka bila kumwamsha mtu. Na kila alfajiri kung'uta viatu kabla ya kuvivaa, hasa vikiwa vimelala kibarazani, kwa kuwa nge hupenda mahali pakavu penye giza.

Utajua umefanikiwa ukitoka kitandani hadi nje ya geti kwa dakika 10, bila kuwasha taa ya chumbani. Kwa wanaoswali Alfajiri, hesabu dakika hizo baada ya swala. Dakika hizi zina thamani kubwa hapa kwetu: miezi ya Desemba hadi Februari, ambayo ndiyo miezi ya mbio ndefu za maandalizi, ndiyo pia miezi ya kaskazi na joto kali. Jua la Tanga huchomoza baada ya saa 12 kidogo, na anayeanza saa 11:20 anamaliza nusu ya kwanza kwenye kivuli cha usiku, ilhali anayeanza saa 12 analipa kila kilomita kwa jasho.

## Hatua ya 4: Asubuhi moja ya jikoni

Hapa ndipo penye mavuno makubwa kuliko kwingine kote, kwa hiyo nitakaa kidogo. Mtu anayefanya mazoezi ya masafa marefu anakula mara nyingi na kwa wingi, na chakula chetu cha pwani kinadai muda: maharage hukaa jikoni saa nzima na zaidi, nazi inakunwa, samaki anapaliwa. Ukivifanya hivi kila jioni baada ya kazi, utakula saa 3 usiku na kulala saa 5. Ukivifanya mara moja kwa wiki, jioni inabaki kupasha na kupika wali tu.

Mimi natumia Jumapili, kuanzia saa 2 hadi saa 5 asubuhi, siku baada ya mbio ndefu ya Jumamosi, miguu ikiwa inahitaji kutembea taratibu kuliko kulala.

### Jumamosi usiku: loweka

Chambua kilo 1 ya maharage, osha, loweka kwenye maji yanayoyafunika mara 3. Saa 8 zinatosha. Katika joto letu usiyaache kutwa nzima, maana maji yataanza kutoa povu na harufu ya uchachu. Kuloweka kunapunguza sana muda wa jikoni, na gesi pia.

### Jumapili: mpangilio wa moto

Anza na maharage, kwa sababu hayahitaji kuangaliwa. Mwaga maji ya kulowekea, tia mapya, na uyachemshe kwa moto mkali kwa dakika 10 kamili kabla ya kupunguza. Hili si suala la ladha. Maharage mekundu yasiyochemka vya kutosha yana sumu ya asili inayoleta kutapika na kuharisha, na moto mdogo tangu mwanzo hauiondoi. Chumvi na nyanya zisubiri hadi yaive, kwa kuwa uchachu wa nyanya huyafanya yakae magumu.

Maharage yakiwa motoni, katakata vitunguu kilo 1, nyanya kilo 2, karoti chache, kitunguu saumu na tangawizi, kisha kaanga rosti moja kubwa hadi mafuta yajitenge pembeni. Rosti hii ndiyo mama wa wiki nzima. Kikombe kimoja kwenye maharage, kimoja kwenye mayai, kimoja kwenye samaki, na hakuna atakayesema unalisha watu chakula kimoja kila siku.

Jiko la pili lichemshe mayai 10 na viazi vitamu. Mayai uyale na uji wa asubuhi au uyabebe kazini. Viazi vinaliwa baridi, na kwa tumbo langu ndicho chakula salama kuliko vyote usiku wa kuamkia mbio ndefu.

### Nazi iwekwe peke yake

Naomba usome sehemu hii kwa makini, kwa sababu ndipo nilipoharibikiwa mimi. Mwaka wa kwanza wa kupika kwa wiki, nilipika sufuria nzima ya maharage ya nazi, nikayagawa kwenye makopo, nikajisifu. Jumanne jioni nilifungua kopo nikakutana na ule utelezi na harufu ya uchachu ambayo kila mtu aliyekulia pwani anaijua. Kilo nzima ilikwenda shimoni, na jioni hiyo watoto walikula mkate.

Tui la nazi huharibika haraka kuliko maharage yenyewe, na likigandishwa ndani ya mchuzi hukatika na kuwa chembechembe. Kwa hiyo maharage yahifadhiwe makavu, bila nazi. Keti na mbuzi yako, ukune nazi 3 au 4 kwa mara moja, na ugandishe nazi hiyo iliyokunwa ikiwa haijakamuliwa, kila kopo na kiasi cha nazi moja. Jioni ya kupika, tia maji ya moto kutoka kwenye chupa ya chai juu ya nazi iliyoganda, kamua, na umwagie tui kwenye maharage yaliyokwisha kupashwa pamoja na rosti. Dakika 15 zinatosha, na ladha haina tofauti na ya siku ile ile.

### Samaki

Ukinunua samaki kwenye soko la Deep Sea, lipa wale vijana wa kupaa magamba na kutoa matumbo hapo hapo. Fedha ni kidogo, na takataka zinabaki huko badala ya kukaa nyumbani kwako na nzi. Fika nyumbani, osha, kata vipande vya mlo mmoja, paka chumvi na ndimu, na uviweke frizini mara moja. Kama ulikwenda na baiskeli, chukua chupa moja ya maji yaliyoganda uifunge pamoja na samaki.

### Kupoza na kuhifadhi

Chakula cha moto hakiingii kwenye friji kikiwa ndani ya sufuria, na wala hakikai mezani hadi jioni. Vijidudu huzaliana haraka kati ya nyuzi joto 5 na 60, na jiko la Tanga saa 6 mchana liko katikati kabisa ya hapo. Weka sufuria ndani ya beseni la maji ya baridi, koroga, badilisha maji mara 2, kisha gawa chakula kwenye makopo mafupi na mapana. Ndani ya saa 2 tangu kuipua, kila kopo liwe limeingia kwenye baridi. Makopo ya Jumapili, Jumatatu na Jumanne yakae chini kwenye friji; yaliyobaki yagandishwe. Andika jina na siku kwenye karatasi ya gundi, kwa kuwa rosti na mchuzi wa nyama vikishaganda vinafanana.

Angalizo la kiporo. Wali kiporo ni chakula kizuri cha mkimbiaji, nami naupenda na mbaazi. Lakini wali una vijidudu ambavyo mbegu zake hustahimili kuchemka, na wali ukilala nje usiku kucha huweza kutengeneza sumu isiyoondoka hata ukiupasha ukatoa moshi. Wali unaotaka uwe kiporo utandaze kwenye sinia upoe, uingie kwenye friji ndani ya saa 1, na uliwe kesho yake. Ukilala juu ya meza, usile.

Utajua umefanikiwa ikiwa jioni ya Jumatano, siku ya kati yenye uchovu, unatoka mlangoni hadi kuketi mezani kwa dakika 30, na muda mrefu katika hizo ni wa wali kuiva.

## Hatua ya 5: Dakika 10 za kurudi

Unaporudi, mwili unataka kuketi. Usiketi. Dakika hizi 10, ukizifanya kabla ya kuketi, zinakuepusha na saa nzima ya kufua Jumamosi na zinarefusha maisha ya vitu vyako.

Nguo. Ingia nazo bafuni. Zivue, zigeuze nje ndani, zisuuze kwa maji ya kuogea huku unaoga, zikamue na uzianike kivulini palipo na upepo. Vitambaa vya mazoezi vimefumwa kwa nyuzi za plastiki ambazo hushika mafuta ya jasho, na vijidudu vinavyokula mafuta hayo ndivyo vinavyoleta ile harufu inayorudi dakika 10 baada ya kuvaa fulana safi. Jasho likisuuzwa lingali bichi, harufu haipati pa kukaa. Likikaukia kwenye rundo la nguo, hata sabuni ya mche itahangaika.

Mara moja kwa wiki loweka seti zote kwa dakika 30 katika lita 5 za maji ya baridi na nusu kikombe cha siki, kisha fua kwa sabuni kidogo. Usitumie dawa ya kulainisha nguo, kwa kuwa huacha utando unaozuia kitambaa kupitisha jasho. Na kamwe usichanganye siki na dawa yoyote ya klorini ya kung'arishia nguo, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa gesi inayochoma mapafu.

Viatu. Legeza kamba, toa soli ya ndani, jaza magazeti, na uviweke kibarazani penye upepo. Usivianike juani wala juu ya bati. Nilifanya hivyo msimu mmoja wa masika kwa sababu viatu vililoana na nilivitaka kesho yake. Jua lilitoka saa 5, bati likawaka, na nilipovishusha alasiri soli ya kiatu cha kushoto ilikuwa imefumuka mbele mfano wa mdomo wa samaki, huku gundi ikinata vidoleni. Ndiyo maana nikataja jozi 2 mwanzoni. Kiatu cha jana kinahitaji siku nzima kukauka na sponji yake kurudi katika umbo, na anayepokezanisha jozi 2 hana sababu ya kukimbilia jua.

Baiskeli. Mji wetu ni wa baiskeli, lakini pia ni mji wa chumvi. Ukiendesha karibu na bahari, pitisha tambara lenye maji baridi kwenye fremu, kausha, kisha futa mnyororo kwa tambara kavu huku ukizungusha pedeli kinyumenyume. Kazi hii ni ya dakika 2. Mara moja kwa wiki sugua kwa mswaki, kausha, dondoshea tone moja la mafuta kwenye kila kiungo, na ufute yaliyozidi, kwa sababu mafuta yanayobaki nje hukusanya mchanga na mchanga hula meno ya gia. Mafuta ya kupikia yasitumike. Hugeuka kuwa gundi.

Utajua umefanikiwa Jumamosi ikifika ukakuta hakuna beseni la nguo za mazoezi linalokusubiri.

## Hatua ya 6: Kinywaji cha wiki

Kwa mazoezi yaliyo chini ya saa 1, maji matupu yanatosha. Yanayozidi hapo, hasa kwenye joto letu, mwili unahitaji sukari na chumvi. Changanya lita 1 ya maji safi, vijiko 5 vya chakula vya sukari vilivyosawazishwa, robo kijiko cha chai cha chumvi, na maji ya ndimu 1. Hiyo ni takriban gramu 60 za sukari, kiasi cha kutosha saa 1 hadi 2 za mwendo.

Kuokoa muda kunatokana na kupima kavu: Jumapili changanya sukari na chumvi ya chupa 4 kwenye vikopo vidogo 4. Alfajiri unamimina na kutikisa. Usipime kwa macho ukiwa na usingizi, kwa kuwa chumvi ikizidi utatapika kilomita ya 8.

## Hatua ya 7: Unganisha shughuli za mjini na njia yako

Kilomita ya mwisho ya mazoezi itembee, na uipitishe kwenye genge. Weka noti ya shilingi 2,000 ndani ya kifuko cha bukta, nunua mchicha, ndizi na ndimu, na uingie nyumbani ukiwa umepoza mwili na umemaliza safari ya jioni. Siku moja kwa wiki nenda kazini kwa baiskeli badala ya kutafuta saa nyingine ya kuendesha. Mji ni tambarare, na kutoka Makorora au Mikanjuni hadi Chumbageni safari haizidi nusu saa.

Angalizo: Barabara kuu ya kupitia Kange na Pongwe ina malori na mabasi ya mikoani kuanzia alfajiri. Vaa nguo inayong'aa, au itumie mwisho wa wiki tu, kukiwa kumekucha.

## Hatua ya 8: Siku ya hitilafu

Ratiba isiyo na nafasi ya hitilafu huvunjika mara ya kwanza umeme unapokatika. Kwa hiyo jiandae hivi.

Umeme. Nunua umeme wa LUKU Jumapili, si salio linapopiga kelele saa 4 usiku. Ukikatika, usifungue frizi. Frizi iliyojaa hutunza baridi kwa takriban saa 48 mlango ukiwa umefungwa, iliyojaa nusu saa 24, na friji ya kawaida saa 4 tu. Nafasi zilizo wazi zijaze chupa za maji, ukiacha vidole 2 juu ili maji yakiganda yasipasue chupa. Chupa hizo ndizo utakazobeba kwenye baiskeli.

Gesi. Siku unayofunga mtungi mpya, andika tarehe kwenye karatasi ya gundi uibandike juu yake. Baada ya mitungi 2 utajua unakaa siku ngapi, na hutaishiwa maharage yakiwa nusu jikoni.

Maji. Ndoo 1 yenye kifuniko ibaki bafuni ikiwa imejaa wakati wote. Hiyo ni ya kuoga tu, na kila mtu nyumbani alijue hilo.

Mtoto akiumwa usiku. Ahirisha. Ukilala saa 9 alfajiri usiamke saa 11. Dakika 20 za jioni zinatosha kuishikilia wiki, na hata zikikosekana, mbio moja iliyokosekana haimwangushi mtu aliyejiandaa miezi 4.

## Uanze na ipi

Usianze zote Jumatatu moja. Wiki ya kwanza fanya Hatua ya 1 na ya 2. Wiki ya pili ongeza kikapu, na usiongeze kingine hadi kikapu kijazwe usiku 5 mfululizo. Wiki ya tatu ongeza dakika 10 za kurudi. Jiko liingie wiki ya nne, kwa maharage na rosti tu. Nazi na samaki zifuate Jumapili inayofuata.

Wiki ya sita rudia karatasi ya Hatua ya 1 kwa siku 4 na uilinganishe na ile ya mwanzo. Neno likiwa limetoweka, hatua yake imeshika. Neno likiwa limebaki pale pale, mara nyingi kazi hiyo haijahamia jioni, bado unaifanya alfajiri kwa haraka zaidi; itafutie nafasi yake kabla ya kulala, na saa ya kuamka iache ilipo.